Muhuri wa Mzee Ndahani

Mwanangu, yeyote utakayesoma haya, ipo asubuhi moja ambayo kila nikitulia hunirudia yenyewe. Niliamka nyumbani kwetu Nzega, nikanawa uso, nikavaa koti la marehemu baba, nikatoka. Sikuwa nimegombana na mtu, na wala sikuwa na mpango. Shule nilikwisha kuiacha nikiwa kidato cha pili, kwa sababu tu sikuweza kukaa mahali pamoja. Mwalimu akieleza jambo moja, mimi nilitaka kujua linalofuata, na linalofuata siku zote lilikuwa nje ya dirisha. Barabarani nikakuta lori la mpunga limesimama, dereva anakaza gurudumu. Nikamshikia spana. Alipomaliza akaniuliza, "Unaelekea wapi, dogo?"

"Wewe unaelekea wapi?" nikamjibu.

Akacheka, akanionyesha juu ya magunia.

Ndivyo nilivyofika Dodoma. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi kiasi cha watu kusalimiana wamefumba macho. Wakati huo Mtumba haukuwa mji wa serikali, ilikuwa vichaka na mbuzi, na mtu akikuambia kuwa wizara zote zitahamia huko ulimwona mwota ndoto. Nilipata kazi katika intaneti kafe moja ya Makole. Nilifagia, nikauza muda, nikawafundisha kina mama kufungua barua pepe za watoto wao walio mbali. Kompyuta zenyewe nilizijua kwa kuzigusa tu. Kila kitufe nilikibonyeza nione kitafanya nini, na mara nyingine nilijuta.

Kisha kompyuta za kafe zikaingiliwa. Zikawa nzito, zikifungua zenyewe picha za aibu mbele ya wateja, na watumishi wa kanisa wakaacha kuja. Mwenye kafe akamwita mtu mmoja aliyekuwa anakaa mitaa miwili kutoka pale. Alikuja mzee mwembamba, amevaa sweta ya kufumwa juu ya shati la ofisini, akakaa kwenye stuli bila kusema sana. Huyo ndiye Mzee Ndahani. Alikuwa fundi wa simu aliyestaafu, Mgogo wa upande wa Mvumi, hakuoa, na aliishi na dada yake mkubwa, Bi Tabitha, ambaye alikuwa mjane.

Niache kidogo nikueleze alichokuwa anafanya, maana bila hicho hutaelewa huzuni yangu. Kompyuta iliyounganishwa na dunia ina milango mingi kuliko unavyodhani, na kila mlango una anayebisha. Kinachoamua nani aingie na nani arudi alikotoka, wataalamu hukiita fayawoli. Kila mashine ina uwezo wa kuwa na fayawoli, lakini amri zake ni ngumu. Ukikosea kidogo unajifungia nje mwenyewe, au unaacha wazi kila kitu huku ukijiona umefunga. Mzee Ndahani alikuwa ametengeneza programu ya kurahisisha kazi hiyo. Wewe uliandika kwa Kiswahili cha kawaida: hawa ni ndugu, wale ni wageni, ndugu waingie, wageni wabishe hodi, wengine wote funga. Programu yake iligeuza maneno hayo kuwa amri za mashine. Aliiita Tembe, kwa ile nyumba ya Wagogo ya paa bapa la udongo, inayozunguka uwanja wa ng'ombe na kuacha lango moja tu.

Na aliitoa bure. Ilikuwa programu huria: yeyote aliweza kuichukua, kuifungua ndani aone ilivyoshonwa, kuibadili na kumpa mwenzake. Mimi nilisimama nyuma yake siku nzima nikiuliza. Kwa nini hapa umeandika hivi? Mgeni akijifanya ndugu je? Hatimaye akageuka.

"Unauliza kama mtoto wa polisi. Kwenu wapi?"

"Nzega."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mzee."

Akavua miwani, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi simama hapo hapo. Babu zako walikuwa wakipita hapa na mizigo ya watu kichwani, na hakuna aliyekunywa maji yetu kabla ya kutoa hongo. Sisi Wagogo tumekuwa fayawoli kabla ya kompyuta. Toa hongo."

"Babu zangu walitoa, mzee. Ninyi ndio mliokula mkasahau kutoa risiti."

Alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtani wake. Labda wewe umezaliwa mjini na utani wa makabila umeusikia kwa juu juu, kwa hiyo nikwambie. Mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa kuzaa hana. Anaweza kumwambia mtu mzima kwamba ni mchoyo, kwamba pua yake inachungulia, kwamba atakufa na vitu vyake atavirithi yeye, na mwenyewe hakasiriki. Msibani, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, mtani ndiye anayeingia akisema maneno ambayo mwingine akiyasema angepigwa. Ni ruhusa kubwa, na nilikuwa nayo mimi.

Tembe ilikua. Mzee alifungua kundi la barua pepe, na watu wakaanza kuandika kutoka Iringa, Musoma, Mombasa, hata vijana wetu waliokuwa ughaibuni. Shule, zahanati na vituo vya redio vya kanisa viliitumia. Mimi niliandika maelezo ya jinsi ya kuitumia. Sikuwa na elimu yoyote ya kunipa kazi hiyo. Ila mzee alieleza mambo kama anayechora ramani ya nyaya za simu, na mimi, kwa kuwa jana yake tu nilikuwa sijui, nilikumbuka mahali ambapo asiyejua hukwama. Mwenzetu wa tatu alikuwa Edson, Mhaya aliyekuwa mtaalamu wa mitandao katika wizara moja. Mtu wa adabu nyingi, suruali yake imenyooshwa hata Jumamosi. Yeye alipima matoleo mapya kabla hayajatoka.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Tulikutana kwa mzee, Makole, kwenye baraza ya ndani, Bi Tabitha akatuletea ugali wa uwele na mlenda, kisha chai. Mimi sikuwa wa kila Jumamosi. Miguu ilikuwa ikiniwasha. Nilipotea miezi Singida nikichimba visima na wageni fulani, nikapotea tena Kahama, nikarudi kana kwamba nilitoka dukani. Mzee hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi. Alisogea kwenye benchi tu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mzee alilifanya peke yake. Kila toleo jipya la Tembe, kabla ya kutumwa, lilitiwa muhuri. Usidhani ni muhuri wa wino. Ni alama iliyofichwa ndani ya programu, na mashine zote zilizokuwa na Tembe zilifundishwa kukataa chochote kisicho na alama hiyo. Ilikuwa busara. Bila hivyo, mwizi angeweza kutuma kitu kibaya akakiita Tembe. Lakini muhuri huo ulifunguliwa kwa nywila moja, sentensi ndefu ya Kigogo aliyoitunga mwenyewe, na sentensi hiyo ilikuwa kichwani mwake tu.

Sote tulilijua hilo. Hakuna aliyelisema. Mzee alikuwa na presha, miguu ilimvimba, na tulimwona akishika ukuta anapoinuka. Edson alikuwa anajua kuliko mimi hatari ya mfumo mzima kuning'inia kwenye kichwa cha mtu mmoja. Wizarani kwake asingeruhusu. Ila ungeanzaje kumwuliza mtu mzima, nyumbani kwake, mkononi umeshika kikombe cha dada yake, kwamba ukifa kazi hii utamwachia nani? Huko ni kumchuria. Ni kama kumpima mtu sanda angali anakula. Kwa hiyo tulisema, "Mzee wetu upo imara," naye akasema, "Namshukuru Mungu," na mambo yakaishia hapo.

Jumamosi moja toleo jipya lilikuwa limechelewa. Kulikuwa na tundu lililogunduliwa, si kubwa, lakini lilihitaji kuzibwa. Mzee alikaa mbele ya kompyuta yake ndogo, akaanza kuandika ile sentensi yake, akakosea. Akaanza tena. Akakosea. Akasugua vidole vyake vya mkono wa kulia, akasema vimekufa ganzi kidogo, ngoja anywe chai kwanza.

Mimi ndipo nikafungua mdomo. Nilitumia ruhusa yangu.

"Mgogo," nikamwambia, "wewe karibu utatutoka. Ukifa, nani atatutia muhuri? Au unataka tukufukue?"

Edson aliweka kikombe chini. "Aa, bwana. Acha hizo. Unamchuria mzee."

"Mwache," mzee akasema. "Huyu ni mali yangu." Kisha akanigeukia. "Nikifa mimi, Mnyamwezi, utabeba jeneza. Si ndiyo kazi mliyozoea? Mizigo."

Bi Tabitha alicheka jikoni mpaka tukasikia kijiko kikianguka. Edson naye akashindwa kujizuia. Mimi nikacheka kuliko wote. Lakini mzee, baada ya kusema, hakucheka. Alikaa ananitazama juu ya miwani, kikombe kimesimama njiani, kama mtu aliyekupa nafasi na anasubiri uendelee. Niliuona uso ule. Naapa niliuona. Kisha nikaanza kusimulia jinsi babu yangu mmoja alivyobeba kitanda cha Mzungu mpaka Bagamoyo, watu wakazidi kucheka, na mzee akashusha macho, akamimina chai nyingine. Baadaye kidogo alifanikiwa kuandika sentensi yake. Toleo likatoka. Kila mtu akarudi kwake ameridhika.

Wiki iliyofuata miguu ikaniwasha, nikaondoka.

Simu ya Edson ilinikuta Manyoni, nikiwa nimejibanza na watu wanaorina asali. Alisema maneno mawili tu: "Mzee ameanguka." Nikarudi.

Nilimkuta amelala kwenye kitanda kilichosogezwa sebuleni, upande wa kulia umelegea wote, mdomo umekwenda pembeni. Kiharusi. Alinitambua. Macho yake yalichangamka nikiingia, akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Nilitaka kumtania nikashindwa, nikamshika mguu.

Edson alikuwa na habari mbaya nyingine. Tundu jipya limeonekana kwenye Tembe, na safari hii ni kubwa: mtu wa nje, akijua namna, angeweza kuingia kwenye kila mashine inayoitumia kana kwamba lango halipo. Dawa yake alikwisha kuiandika. Haikuwa kazi ngumu kwake. Lakini bila muhuri, hakuna mashine ambayo ingeipokea.

Tulizungumza uani, tukinong'ona kama wezi.

"Tumwekee kompyuta mbele," Edson akasema. "Mkono wa kushoto unafanya kazi."

"Ataweza?"

"Sijui. Wewe una njia nyingine?"

Sikuwa nayo. Tulimwinua kwa mito, tukamwekea kompyuta mapajani. Alielewa mara moja tunachotaka. Aliona lile dirisha dogo linalosubiri nywila, akapumua, akainua mkono wa kushoto. Aliandika herufi moja moja, kwa kidole kimoja, na kila herufi ilikuwa safari. Tulipofika mwisho mashine ikakataa. Akaanza tena. Ikakataa. Mara ya tatu alisimama katikati, midomo ikicheza, akiitafuta sentensi yake mwenyewe kama mtu anayepapasa funguo gizani, na nikaona kwamba shida haikuwa kidole. Maneno yalikuwa yamemponyoka. Kidole kilibaki juu ya kitufe. Kisha machozi yakaanza kumtoka, upande wa kushoto na wa kulia sawasawa, bila sauti.

Bi Tabitha alikuja, akafunga kompyuta kwa upole, akaiweka chini ya kitanda. Akamfuta ndugu yake uso kwa kanga. Halafu akatuita uani.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Miaka yote mnakuja hapa," alisema. "Mnakula, mnakunywa, mnamwita mzee wetu, mzee wetu. Hamkuona mkono wake unavyotetemeka?"

"Tuliona, mama," Edson akasema.

"Kwa nini hamkumwuliza?"

"Tuliogopa kumchuria, mama."

"Hamkumchuria. Na yuko pale amelala." Akakunja kanga yake. "Wewe Edson nakusamehe. Umelelewa hivyo, na mimi mwenyewe ni dada yake na sikuthubutu. Lakini wewe." Akanigeukia. "Wewe ni mtani. Mlango ambao sisi wote tuliogopa kuugusa, kwako uko wazi. Ukaingia, ukachezacheza, ukatoka. Siku ile uliyomwuliza, baada ya ninyi kuondoka hakulala mapema. Aliniambia, yule Mnyamwezi ameuliza jambo la maana, akija Jumamosi nitamweleza nilivyofikiri. Jumamosi ukaja?"

Alijua jibu.

Mwanangu, nimeshapigwa na askari, nimeshaumwa na nyuki, na mama yangu alikuwa na mkono mzito. Hakuna kilichowahi kuniuma kama maneno yale, na hakuna aliyenifundisha zaidi.

Mzee Ndahani alifariki kabla mvua hazijaanza. Tulimpeleka kwao, upande wa Mvumi. Mchungaji aliongoza ibada, wanakwaya waliimba vizuri, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Vijana wa kompyuta walikuja wamevaa fulana, hawajui wasimame wapi. Nilikaa nyuma. Watani wengine, Wanyamwezi wenzangu na Wahehe, walikuwa wanafanya kazi yao, wakipita katikati ya waombolezaji wakidai marehemu aliwaahidi ng'ombe. Mimi nilikaa. Bi Tabitha akanitafuta kwa macho, akaja mwenyewe mpaka nilipokaa.

"Mtani," akaniambia, "hata leo utaniangusha?"

Basi nikaenda. Walipoinua jeneza kulipeleka kaburini, nikajilaza chini njiani, kwenye vumbi, na koti langu la baba. Wabebaji wakasimama. Nikasema kwa sauti: "Huyu hazikwi. Amegoma kutupa nywila. Asipotuachia nywila, hapiti mtu hapa."

Watu wakatazamana. Kisha wale vijana wa fulana wakaelewa, wakaanza kucheka huku wanalia. Edson alicheka akapiga magoti. Bi Tabitha alicheka mpaka ikabidi wanawake wawili wamshike, na alipoishiwa pumzi kicheko kikageuka kilio kikubwa, kile ambacho alikuwa hajakitoa tangu kiharusi. Wakaniinua, wakanipitisha pembeni, nikabeba jeneza kwa pembe yake ya nyuma. Aliniambia nitabeba, nikabeba.

Ila niliposhika ule mpini nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Safari hii pia nimeuliza kwa kicheko, na safari hii hakuna Jumamosi.

Baada ya msiba Edson aliliandikia kundi. Alieleza tundu, alieleza muhuri, akasema zipo njia mbili. Ya kwanza, tuanzishe tawi jipya la Tembe lenye muhuri mpya, unaoshikwa na watu kadhaa, na kila mahali penye Tembe mtu aende kwa mkono wake aibadilishe. Hiyo inahitaji watu wa kusoma programu yote, kuielewa, kuibeba. Ya pili, tuifunge. Akaomba wanaojitolea wajitokeze.

Majibu yalikuja mengi. Poleni sana. Tembe imetusaidia mno. Mungu ailaze roho ya mzee mahali pema. Barua nzuri, zingine zilinitoa machozi. Nilizisoma zote nikitafuta moja inayosema, mimi nitakuja, nipeni sehemu ya kusoma. Sikuiona. Wala siwalaumu sana. Walizoea kwamba yupo mtu Makole anayeshughulikia, kama unavyozoea maji yakitoka bombani. Edson naye akapandishwa cheo, wizara ikahamia Mtumba, akawa anatoka nyumbani kwake Area D alfajiri na kurudi amechoka. Mimi nikabaki peke yangu, na nilijua kueleza Tembe, sikujua kuijenga. Nilijaribu. Nilikaa kwa Bi Tabitha msimu mzima nikiisoma, nikaelewa theluthi, na theluthi niliyoielewa ilinionyesha jinsi yule mzee alivyokuwa mwangalifu na jinsi alivyokuwa mpweke.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika tangazo la mwisho. Tembe imefungwa. Msiitumie tena. Hamieni kwenye programu nyingine, na njia ya kuhama ni hii. Niliandika kwa lugha nyepesi kabisa, kama alivyonizoesha.

Lakini nani husoma matangazo? Mashine yenye Tembe ilikuwa haisumbui. Ilikaa kwenye kona ya stoo, taa yake ya kijani inawaka, na aliyeiweka alikwisha kuhama. Nikaona basi, miguu yangu ipate kazi. Tangu wakati huo, katikati ya vibarua vyangu vingine, nimekuwa nikizitafuta. Nimezizima Kondoa, Bahi, Manyoni, Kongwa. Nikifika mahali naomba kuona kompyuta inayopokea mtandao. Nikiikuta ni Tembe, naweka kitu kingine badala yake, naizima. Wakiniuliza gharama, nawaambia chakula kinatosha.

Nywele zangu zimeingia mvi katika kazi hiyo. Siku hizi ni mimi ninayeamkiwa.

Juzi nilipata habari ya shule moja ya masista huko Mpwapwa. Sikuwahi kulala Mpwapwa. Nilitoka Kongwa kwa bodaboda alasiri, nikafika jua likianza kulegea, milima imezunguka pande zote na hewa ina ubaridi ambao Dodoma hatuna. Mkuu wa shule, Sista Imakulata, alinipokea getini. Ni mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini, macho yake hayakimbii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista."

"Tumeambiwa wewe ndiye mwenye Tembe."

"Mwenyewe alishafariki. Mimi ni mtani wake."

Alinitazama, akaona sitanii, akanipeleka. Mashine ilikuwa juu ya kabati la vifaa vya maabara, imefunikwa kwa kitambaa cha kudarizi ili isiingie vumbi. Imetunzwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Toleo lake ni lile la Jumamosi ya vicheko. Muhuri wake wa mwisho. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Sista hakunisumbua.

Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Nikamwambia kesho nitaweka nyingine na kuizima hii. Akauliza kama zimebaki nyingi. Nikasema zipo, mbili tatu upande wa Kibakwe, moja Chamwino sijaifikia, nyingine kwenye kituo cha afya huko Itiso.

"Na nani mwingine anajua zilipo?" akauliza.

Mdomo wangu ulikwisha kuandaa mzaha. Ulikuwa tayari kabisa, wa Wanyamwezi na njia zao. Nikaumeza.

"Hakuna, Sista. Ziko kichwani mwangu."

Hakushangaa wala hakunisuta. "Basi kuna chumba cha wageni," akasema. "Kaa siku mbili hizi. Kula kwanza. Halafu nitawaita walimu wangu wawili wa kompyuta, uwaambie kila mahali, na namna ya kufanya. Wasichana wa kidato cha tano nao wasikilize."

Chumba ni kidogo, kina kitanda, chandarua na beseni la maji ya moto waliloniletea bila kuomba. Ninaandika hapa, huku nje nasikia viti vikipangwa.

Mwanangu, nasaha yangu ni fupi ukilinganisha na maneno niliyotumia kuifikia. Kama kuna mtu anabeba kazi ambayo wengi wanaitegemea, awe anatengeneza programu, anatibu, au anatunza funguo za kanisa, mwulize angali mzima itakuwaje atakapochoka. Usiogope kwamba unamchuria. Huenda amekaa na swali hilo peke yake siku nyingi, anangoja wa kumsaidia kulibeba. Ukiliuliza kwa mzaha, si vibaya, wakati mwingine mzaha ndiyo njia pekee. Lakini kicheko kikiisha, baki. Au rudi kesho yake ukae chini uulize bila kucheka. Na mtu akikupa bure kitu kinachokulinda, usimpe shukrani peke yake. Mwombe akuonyeshe kinavyofanya kazi, ushike upande mmoja, hata kama hutaelewa zaidi ya theluthi. Na kama mbebaji ni wewe mwenyewe, usisubiri kuulizwa.

Mungu akujalie watu wasiokuogopa. Akupe dada wa kukukemea kwa upole, na mtani anayerudi Jumamosi. Unachokijua kisikufie mdomoni, na siku utakapolala, ulale ukijua yupo aliyeamka.

Wameniita. Naenda kuwaambia zilipo.